Wenzi wa Kupiga Nao: Jinsi Bendi Zetu za Dansi Zilivyopata Watu Wao

Katika kuujadili muziki wa dansi wa Tanzania, wengi wetu tumezoea kuanza na mwimbaji, kisha tukayapima maneno yake, na mwisho, kama nafasi imebaki, tukataja kwamba vyombo navyo vilipigwa vizuri. Sisi wenyewe tumefanya hivyo mara nyingi. Aliyelelewa na ushairi husikia neno kabla hajasikia uzi wa gita. Na mwalimu wa fasihi anayeutia wimbo wa dansi katika somo lake huuandika ubaoni kama shairi, akauliza maudhui na tamathali za usemi, mpaka kengele ikalia. Hakuna ubaya katika hilo. Walakini mazoea hayo yametufanya tusiulize swali ambalo kila mwanamuziki hulijua tangu siku ya kwanza ya kazi yake: nani atapiga pamoja na nani? Swali hilo tumewaachia mameneja na wenye kumbi, kana kwamba ni jambo la utawala linaloitangulia sanaa. Nia yetu katika makala haya ni kuonyesha kwamba ni sehemu ya sanaa yenyewe, na kwamba bendi husikika nzuri au mbaya kwa namna ilivyowapata watu wake kabla haijasikika hivyo kwa sababu nyingine yoyote.

Tuuchukue kwanza wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 na 1980 jinsi ulivyojengwa. Huanza kwa mwendo wa taratibu, ambamo waimbaji husimulia kisa na kiitikio kikarejea. Halafu mwendo hubadilika, magita yakashika kasi, tarumbeta na saksafoni zikaanza kujibizana nayo, na watu waliokuwa wamekaa wakisikiliza wakasimama. Sehemu hii ya pili wanamuziki huiita chemko. Katika chemko hakuna gita moja linalobeba wimbo. La solo hupita juu, la pili hulijibu kwa sauti fupi zilizokatwakatwa, la ridhimu hurudia mchoro mmoja bila kuchoka, na besi huingia pale ambapo wengine wameacha nafasi. Ukimtoa mmoja wao, hasa yule wa ridhimu, ukamsikiliza peke yake, utadhani ni mwanafunzi anayejizoeza. Kazi yake haieleweki mpaka wengine warudi. Ni kama kipande cha mshororo kilichokatwa kabla ya kina: hakina kosa, lakini hakijawa kitu.

Ukweli huu tulijifunza kwa aibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa karani kijana katika shirika moja la umma huko mikoani. Shirika lilikuwa limepata vyombo vya muziki, na wakuu wakaamua iundwe bendi ya wafanyakazi. Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kutoa mashairi mawili matatu gazetini, tulifanywa katibu wa kamati ya uteuzi, kana kwamba ajuaye mizani ya shairi huijua na ya ngoma. Tukatengeneza fomu. (Watumishi wa umma hatuwezi kuchagua hata mbuzi wa sikukuu bila ya fomu.) Fomu yetu ilikuwa na safu nne: wepesi wa vidole, usafi wa sauti, wingi wa nyimbo azijuazo mwombaji, na nidhamu. Kila mwombaji aliitwa ndani peke yake, akapiga mbele ya meza, akashukuru, akatoka, akaingia mwingine. Tuliona kwamba tumetenda haki isiyo na mfano, maana hakuna aliyebebwa na ndugu wala na rafiki.

Tukawachukua walioshika nafasi za juu katika kila chombo. Mpiga solo tuliyempata alikuwa hodari kweli. Hata leo hatudhani kwamba tulimwonea mtu kwa kumchagua. Lakini alikuwapo kijana mmoja aliyepiga ridhimu tu, mchoro uleule tangu alipoanza mpaka aliposimamishwa, macho yake yakiwa sakafuni. Huyo tulimpa alama chache kuliko wote, na kwa mwandiko wetu wenyewe tukaandika mwishoni mwa fomu yake: "Hana jipya."

Mazoezi ya kwanza yalifanana na baraza ambalo kila mzee anahutubia kwa wakati mmoja. Aliyeajiriwa kwa gita la pili alikuwa mpiga solo huko alikotoka, na moyoni hakuwa amehama. Mpiga tumba alijaza kila nafasi iliyoachwa wazi, maana mbele ya meza yetu ndivyo alivyopata alama zake. Waimbaji wawili tuliowateua walikuwa na sauti za namna moja, nyembamba na tamu zote mbili, kwa hiyo wakashindana mahali ambapo wangesaidiana. Hawakugombana; laiti wangaligombana, pengine wangalisema jambo. Walikuwa watu wa adabu, kila mmoja akimsubiri mwenziwe amalize ili naye aonyeshe yake. Bendi haikufika mwaka. Vyombo vikafungiwa stoo, wanamuziki wakarudishwa katika kazi za tarishi na ulinzi, na sisi tukaandika ripoti iliyosema kwamba mradi ulikosa fedha.

Miaka mingi baadaye tulikwenda mji mwingine kwa kazi, na usiku tukaingia katika ukumbi uliokuwa na bendi ndogo ya watu saba. Haikuwa bendi ya sifa. Lakini chemko yao ilikuwa imeshikwa barabara, na tulipotazama ni nani anayeishika, tukamwona yule kijana, sasa mtu mzima mwenye mvi kidavuni, macho yake bado sakafuni. Wakati wa mapumziko tulimwendea. Alitukumbuka upesi kuliko tulivyotaka. Tulipoanza kujieleza kuhusu siku ile, alitukatiza kwa upole: "Bwana Katibu, mlinipigisha peke yangu. Peke yangu mimi sijui kupiga." Halafu akauliza habari za yule mpiga solo, kwa kuwa walisubiri pamoja barazani siku ya uteuzi na walipatana sana.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa letu. Wawili waliopatana barazani kwa muda wa saa moja sisi tuliwatenga mlangoni, tukamchukua mmoja na kumrudisha mwingine, wala hatukufikiri kuwaita ndani pamoja.

Tuilinganishe kamati yetu na jinsi bendi moja kubwa ya Dar es Salaam ilivyopata watu wake. Mlimani Park iliundwa mwaka 1978, na wengi wa wanamuziki wake wa kwanza walitoka Dar International. Baadaye, mwaka 1983, ilipochukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, yaani DDC, ikajulikana kwa jina ambalo wapenzi wake wanalitamka hata leo, DDC Mlimani Park, na kwa mtindo wake wa Sikinde, uliopewa jina la ngoma ya Wazaramo. Watu hawa hawakukutana mbele ya meza. Walikuwa wamesikilizana kwa miaka katika kumbi za jiji, wengine wamekwisha kupiga pamoja katika bendi zilizotangulia, na kila mmoja alijua mwenziwe huvuta pumzi wapi. Waliokuja kutoka bendi ya wafanyakazi, ile iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, walikuja wakiwa tayari ni wenzi.

Tutaje wawili wanaojulikana na kila mpenzi wa dansi, Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka. Katika sauti zao hakuna mashindano kwa sababu hakuna mfanano. Ya Gurumo ni nzito, kavu kidogo, sauti ya mtu anayesimulia jambo lililompata jirani. Ya Bitchuka ni ya juu, laini, yenye kuchezea mwisho wa neno. Mmoja hutua chini, mwingine hurukia juu ya mahali alipotua. Kama kamati yetu ingaliwapa alama kwa "usafi wa sauti", tuna hakika kwamba Gurumo angalishindwa, nasi tungaliandika neno la busara chini ya fomu yake. Lakini bila ya uzito huo, wepesi wa Bitchuka ungalikosa mahali pa kusimama. Hapa ndipo tunapopenda kusahihisha neno moja linalotumiwa ovyo. Husemwa kwamba bendi inahitaji watu "wanaofanana". Kufanana ni kwa matofali. Wanamuziki wanahitaji kupatana, na mara nyingi wanaopatana ni wale wasiofanana.

Mfano mwingine, kwa maoni yetu mkubwa zaidi ijapokuwa hausemwi sana, ni Michael Enoch. Katika Dar es Salaam Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1932, alikuwa amejulikana kwa gita la solo. Katika Mlimani Park alionekana zaidi na saksafoni mkononi, akiongoza na kupanga nyimbo. Mpiga gita mwenye jina ambaye jina lake halimzuii kushika chombo kingine huwafundisha vijana jambo ambalo hotuba haiwezi kulifundisha. Ukisikiliza wapulizaji wa Sikinde utaona kwamba hawaingii kujaza kimya. Huingia kama mtu anayekubaliana na lililosemwa, kisha hunyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kunakoipa nafasi besi. Aliyepanga hivyo ni mtu aliyejua kwa vidole vyake mwenyewe gita linahitaji nini.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yaliwezekana kwa sababu ya utaratibu wa siku zile. Bendi nyingi zilikuwa za mashirika, za jumuiya za chama, za jeshi na polisi. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki alikuwa na mshahara. Bendi kubwa ziliweza kuajiri watu 20 na zaidi, wakapokezana usiku kucha, na siku za kazi wakafanya mazoezi. Hoja hiyo ina uzito. Aliyekuwa hana gita lake mwenyewe aliweza kupatikana, na usiku mmoja wa kukosa watazamaji haukumfukuza mtu njaa. Muda wa kukosea pamoja ulikuwapo, na bila ya muda huo hakuna apataye mwenzi. Lakini tusiizidishe hoja hii. Shirika letu nalo lilikuwa na vyombo na mishahara, na wanamuziki wetu walipewa hata sare.

Hali kadhalika vyombo kuwa mali ya mwajiri kulikuwa na upande wa pili. Mwanamuziki aliyehama aliondoka mikono mitupu, na kuhama kulikuwa kwingi. Magazeti yaliandika habari za nani kavutwa na nani kama yanavyoandika za wachezaji wa mpira, na wapenzi wakafurahi au wakanuna. Mwaka 1985 baadhi ya watu wa Mlimani Park, Gurumo akiwa miongoni mwao, walivutwa kwenda kuunda International Orchestra Safari Sound. Kwa hesabu ya kamati kama yetu, Sikinde ingalikuwa imehama, maana sauti na vidole mashuhuri vilikuwa vimehama. Haikuhama. Waliobaki waliendelea kupiga Sikinde, wakaziba nafasi kwa watu wengine, na msikilizaji aliyefumba macho alijua bado yuko wapi. Waliokwenda nao, pamoja na umahiri wao wote, hawakuweza kuipiga Sikinde mahali pengine. Iliwabidi watafute mtindo mwingine, Ndekule, na waliupata, nao ulipendwa. Bendi yao haikudumu kama ile waliyoiacha. Gurumo alirudi baadaye katika bendi ya wafanyakazi, wakati huo ikiwa imebadilisha majina mara kadhaa na kuitwa zaidi Msondo, akaimba humo mpaka alipostaafu mwaka 2013, mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

Katika tukio hilo la 1985 ndipo tunapoona vizuri maana ya neno mtindo, ambalo wageni wengi wamelidhania kuwa ni tangazo la biashara tu. Kila bendi ilikuwa na wake: Msondo, Sikinde, Ndekule, Pambamoto wa Vijana Jazz, Kamanyola wa Maquis. Ni kweli kwamba jina lilisaidia kuuza tiketi. Lakini kwa mwanamuziki mgeni mtindo ulikuwa ni maagano. Alipoingia alikuta kuna namna ya kuanza chemko, kuna mahali pa wapulizaji na mahali pa kimya, na swali aliloulizwa halikuwa "unajua kiasi gani?" bali "utaingilia wapi?" Maquis wenyewe ni ushahidi. Walikuwa watu wa Zaire waliofika Dar es Salaam kupitia Uganda, wakaimba kwa Kiswahili, na wanamuziki wa nchi hii wakaingia miongoni mwao bila ya bendi kupoteza sauti yake.

Mtu aweza kutupinga kwa kumtaja Mbaraka Mwinshehe. Huyu alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga solo kwa pamoja. Alitoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, na mpaka anafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979 jina lake lilikuwa kubwa kuliko la bendi yake. Je, mtu kama huyo alihitaji wenzi, au watumishi tu? Jibu limo katika santuri zake. Mtu aimbaye na kupiga solo kwa wakati mmoja hana budi kuliacha gita mara sauti inapomhitaji, na kuiacha sauti mara gita linapomhitaji. Katika kila kivuko hicho kuna mtu mwingine anayeushika wimbo usianguke, na kuushika kwa namna ambayo sisi hatutambui kwamba ulikaribia kuanguka. Majina ya hao hatuyataji. Hilo ni kosa la wahakiki, wala si la Mbaraka.

Wala jambo hili halikuanza na magita ya umeme na mishahara. Huko Unguja, Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, hakuwa na shirika la kumwajiri. Alikuwa na wenziwe: Maalim Shaaban, Subeit Ambar, Mbaruk Effandi Talsam na Budda Swedi. Vitabu vyetu vya shule humsimulia Siti kama nyota iliyotoka Fumba peke yake ikaangaza mpaka Bombay, ambako sauti yake iliingizwa katika santuri mwaka 1928. Lakini wenzi hawa walikuwa wakikutana nyumbani kwake Ng'ambo, wakazungumza habari za mjini, nani kadhulumiwa na nani kahukumiwa, na nyimbo zikatoka katika mazungumzo hayo. Kwa hiyo walipokaa kupiga, kila mmoja alikuwa anajua neno lile limetoka wapi na kwa nini liimbwe kwa uchungu huo. Na klabu kongwe ya taarabu huko huko Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilijiita Ikhwani Safaa. Waliochagua jina hilo la udugu hawakuona haja ya kutaja sauti wala vyombo.

Leo kijana anayetaka kutoa wimbo hahitaji kumtafuta mpiga besi. Ataingia katika chumba kimoja na mtayarishaji mmoja mwenye kompyuta, na jioni wimbo umekwisha. Hatutaki kuwa miongoni mwa wazee wanaolaani kila kitu kilichotengenezwa baada ya wao kuacha kucheza. Tumesikia katika Bongo Fleva tungo ambazo tungependa kuwa tumezitunga. Lakini mtayarishaji hupatana na nafsi yake, na upatano huo ni rahisi mno. Mashine haichelewi, haikasiriki, wala haiingii mahali isipotazamiwa. Ndiyo sababu katika nyimbo nyingi za sasa sauti inajua kila kitu kitakachotokea, na sisi tunaosikiliza tunajua pia.

Kuhusu shule tuna jambo moja la kuwaambia walimu wanaosimamia vikundi vya muziki. Tumewahi kukaa katika meza za mashindano ya wanafunzi, na fomu tuliyopewa ilikuwa ndugu wa ile tuliyoitunga ujanani: kila mtoto na safu yake, kila safu na alama zake. Tuliomba ruhusa ya kujaribu namna nyingine. Tuliwaita wanafunzi wanne waliokuwa hawajawahi kupiga pamoja, tukawapa wimbo mmoja wanaoujua wote, tukawaacha nusu saa bila ya mwalimu, kisha tukaingia. Aliyekuwa ameongoza asubuhi alikuwa bado anawasubiri wengine wamfuate. Msichana mmoja mwenye ngoma ndogo, ambaye asubuhi hatukumwandikia lolote, alikuwa amewapa watatu wote mahali pa kuanzia. Jaji mwenzetu alitaka kujua alama hizo ziandikwe katika safu gani.

Rekodi za Redio Tanzania za miaka ile zinapatikana, na ni chombo bora cha kufundishia kuliko ubao. Zilifanywa bendi nzima ikipiga pamoja studioni, bila ya njia nyingi za kumrekodi kila mtu peke yake na kumsafisha baadaye. Aliyekosea aliwakosesha wote, wakaanza upya. Kwa hiyo kusikilizana kwao kumo ndani ya sauti. Mwalimu na auchezeshe wimbo mara ya kwanza kwa ajili ya maneno, kwa kuwa wanafunzi watayataka. Mara ya pili na awaambie wamwache mwimbaji na walifuate gita la pili tangu chemko inapoanza mpaka mwisho, wahesabu ni mara ngapi linanyamaza, na kila linaponyamaza waandike ni nani aliyeingia.